Kutoka mulika mwizi hadi simu janja: hesabu ambayo duka halikupigii

Mkaazi wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, anayetaka kuiacha simu ya kubofya hakosi washauri. Kijana wa nyumbani atamwambia atafute iliyotumika, ya kutoka Dubai, maana kwa pesa zile zile atapata kamera nzuri na jina kubwa. Wakala aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara ya Bombolulu atamtaka arbuni ndogo na kitambulisho, aondoke na simu leo, alipe kidogo kidogo kila siku. Mwenye duka wa Kongowea atamfungulia boksi jipya lenye risiti na waranti. Na jirani wa makamo, ambaye kabambe yake, yaani simu ya kubofya, haijaguswa na chaja tangu Jumatatu, atamuuliza hiyo aliyo nayo imemkosea nini.

Wote wanne wana ukweli wao, na ndiyo maana mtu hurudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Kila mmoja amehesabu gharama moja akaziacha nyingine. Wa mtumba amehesabu bei, wakala amehesabu malipo ya leo, mwenye duka amehesabu upya wa kifaa, jirani amehesabu chaji. Makala haya yanaichukua njia moja moja na kuuliza swali lile lile: gharama imepungua, au imehamia mahali ambapo mnunuzi haioni?

Kwa nini kabambe imedumu

Tuanze kwa kuondoa dharau. Mtu aliyekaa na mulika mwizi mpaka leo hakubaki nyuma kwa ujinga. Alibaki kwa sababu nchi ilijengewa juu ya simu hiyo. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, kwa hivyo hata Nokia 1100, simu ya tochi iliyotoka mwaka 2003, ilitosha kutuma na kupokea pesa. Huduma zilizofuata zikapita njia ile ile ya kubofya nambari bila intaneti. Hustler Fund ilipoanza Novemba 2022, mtu alijisajili kwa *254#. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usajili ulifunguliwa pia kwa *147#. Tokeni za stima, karo, kodi ya nyumba, mkopo wa dharura, vyote vikapatikana kwenye kioo kidogo kisicho na rangi. Kenya iliwahi kusifiwa duniani kote kwa hilo, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyopunguza haja ya kubadilisha simu.

Sababu ya pili ni bei. Mwaka 2011 Safaricom iliuza Ideos, simu ya Android iliyotengenezwa na Huawei, kwa takriban shilingi 8,000, na wengi waliona mlango umefunguka. Oktoba 2023 Rais William Ruto alifungua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, na Neon Smarta ikatangazwa kwa shilingi 7,499, Neon Ultra kwa 8,999. Ukihesabu kwa dola, bei ilikuwa imeshuka karibu nusu, kwani dola ya mwanzoni mwa 2011 ilikuwa karibu shilingi 80 na ya mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 150. Lakini mchuuzi wa Kongowea hauzi nyanya kwa dola. Shilingi 7,500 za 2023 ni nyepesi kuliko 8,000 za wakati ule, ni kweli. Hata hivyo kwa anayelipwa kwa siku, kiasi hicho bado ni kodi ya chumba ya zaidi ya mwezi mmoja.

Serikali nayo ina mikono miwili. Kwa mmoja inawahimiza wananchi waingie mtandaoni, kwa mwingine inatoza. Kodi ya ongezeko la thamani iliyoondolewa kwenye simu mwaka 2009 ilirudishwa 2013 kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ukaongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje, na tangu 2023 kredo na data zinatozwa asilimia 15. Ahadi ya simu ya dola 40 iliyotolewa mapema 2023 ilifika sokoni ikiwa ya dola 50.

Mtandao wenyewe si kikwazo hapa. 4G ya Safaricom ilizinduliwa Desemba 2014 katika miji miwili, Nairobi na Mombasa. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa mwaka 2009. Mtu wa Ziwa la Ng'ombe anaishi langoni pa intaneti ya Afrika Mashariki. Alichokosa ni kifaa na pesa ya bando.

Kinachowasukuma watu sasa ni mambo madogo yanayojumlika. Mwalimu wa darasa hutuma habari kwenye kundi la WhatsApp. Chama kimeacha daftari, michango inaonyeshwa kwa picha ya skrini. Dereva wa tuktuk hawezi kupokea abiria wa Bolt au Uber kwa kabambe. Mzazi mwenye mtoto aliyekwenda kufanya kazi Ghuba anataka kumwona uso. Huduma za eCitizen, tovuti ya serikali, zinaomba hati zipigwe picha na kupandishwa. Hakuna moja kati ya haya lililo sheria, lakini asiye na simu janja hujikuta anapata habari akiwa wa mwisho.

Hoja ya kubaki

Anayesema "baki na kabambe" ana hoja nzito kuliko anavyopewa heshima. Betri ya simu ya kubofya hukaa siku kadhaa. Ikianguka sakafuni mwa saruji huokotwa ikaendelea kulia. Joto, jasho na hewa ya chumvi ya pwani haviisumbui sana. Mwizi haitamani, na katika Kisauni na Nyali, ambako vijana wenye mapanga wamewahi kuwafanya watu waogope kutembea jioni, hiyo si faida ndogo. Zaidi ya yote, haina mlango wa kuingiza programu za mikopo, viungo vya ulaghai wala kamari ya usiku kucha.

Udhaifu wake haupo kwenye simu, upo kwa watu wanaomzunguka mwenye simu. Asiyekuwa na simu janja hutumia ya mwingine. Habari za shule anaambiwa na jirani. Huduma za serikali anafanyiwa saiba, na humo hulipa kila mara anapoingia. Kubwa zaidi, nywila yake ya eCitizen huandikwa kwenye daftari la kijana wa saiba, pamoja na nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Watu husema kabambe ni salama kwa sababu haina siri ndani yake. Ni sawa, siri haimo ndani yake. Imo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na mwenyewe hawezi kuibadilisha bila kumrudia yule yule aliyemfungulia.

Kwa hiyo hoja ya kubaki inamfaa mtu ambaye maisha yake hayapiti saiba wala makundi. Watu hao wapo, na wanaowacheka hawajawahi kuwalipia bando.

Njia ya katikati iliyofungwa

Palikuwa na njia ya kati. Simu za mfumo wa KaiOS, zenye vitufe kama kabambe lakini zenye intaneti, zilianza kuenea duniani kuanzia 2017 na zikaweza kubeba WhatsApp. Kwa mzee ambaye kidole chake hakielewani na kioo cha kugusa, ilikuwa suluhisho zuri. Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na waliokuwa nayo wakapewa muda hadi mwanzoni mwa 2025. Simu hizo bado utazikuta zinauzwa, na muuzaji atakuambia ina "intaneti yote". Anayeinunua kwa ajili ya WhatsApp anatupa pesa.

Mpya ya bei nafuu

Hii ndiyo njia ya mwenye duka. Nguvu yake ni kwamba inajulikana: boksi limefungwa, betri haijachoka, kuna risiti, kuna waranti ya mwaka mmoja kwa kawaida. Kwa anayeanza, kujulikana huko kuna thamani kuliko kamera.

Mabishano ya kama ni Tecno, Infinix au Itel hayana uzito yanaopewa. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na karakana yao rasmi ni moja, Carlcare. Samsung ya bei ya chini huwa ghali kidogo kwa uwezo ule ule, na kinachokupa badala yake ni masasisho ya usalama kwa muda mrefu zaidi na spea zinazopatikana kwa urahisi. Jina halitoshi kuamua. Kinachoamua ni tarakimu mbili ambazo muuzaji huzipita haraka.

Ya kwanza ni RAM, yaani nafasi ya simu kufanyia kazi. Google ilipotoa Android 13 kwa simu ndogo ilipandisha kiwango cha chini hadi RAM ya gigabaiti 2 na hifadhi ya gigabaiti 16. Kiwango cha chini maana yake simu itawaka na kufanya kazi, si kwamba utaifurahia. Ya gigabaiti 2 itafungua WhatsApp, na ukiingia M-Pesa na kurudi, WhatsApp itaanza upya. Gigabaiti 3 au 4 ndiyo inayompa mtu utulivu. Na hapa pana mchezo wa maboksi: imeandikwa RAM 8GB kwa maandishi makubwa, na chini kwa maandishi madogo 4+4. Nne ni RAM ya kweli. Nne nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, nayo haina kasi hiyo. Soma nambari ya kwanza, nyingine iache.

Tarakimu ya pili ni hifadhi. Mfumo wa simu wenyewe hula gigabaiti nyingi kabla hujapiga picha hata moja. Kisha yanaingia makundi: video za harusi, dua za Ijumaa, vichekesho, picha za mazishi. Kwenye simu ya gigabaiti 16, kabla ya mwaka kwisha, mwenyewe huambiwa hakuna nafasi, hawezi kusasisha programu, na anaamini simu imeharibika. Haijaharibika, imejaa. Waliokuwa na Ideos ya 2011 walikutana na ugonjwa huu huu. Gigabaiti 64 ndiyo ngazi ambayo anayeanza anaweza kuisahau, na 32 inastahimilika kwa anayekubali kufuta mara kwa mara.

Ndiyo maana simu ya bei ya chini kabisa mara nyingi si rahisi. Tofauti ya shilingi elfu mbili au tatu kati ya ngazi ya chini na inayofuata hununua mwaka mmoja au miwili zaidi ya matumizi. Anayeweza kungoja miezi michache afikie ngazi ya pili, angoje.

Udhaifu wa njia hii uko wazi: inataka pesa zote siku moja. Na soko lina bandia. Mwaka 2012 mamlaka ya mawasiliano ilizima simu bandia nchini kote, na wenye simu hizo waliamka siku moja hazina mtandao. Kinga yake ni ya bure: bofya *#06# upate nambari ya IMEI, ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 1555 ili ujue ni simu ya aina gani iliyosajiliwa kwa nambari hiyo. Jibu likitaja jina lisilofanana na ulichoshika mkononi, irudishe hapo hapo, kabla pesa haijatoka.

Kulipa kidogo kidogo

Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020 ikishirikiana na Google: shilingi 1,000 za kuanzia, kisha 20 kila siku kwa miezi tisa. Jumla ilikuwa kama shilingi 6,400, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuona simu ya 4G ikiwafikia. M-Kopa, iliyokuwa ikiuza taa za sola kwa mtindo huo, nayo ikaingia kwenye simu. Leo mawakala wa mikopo ya simu wako kila kona, na masharti yamekuwa mengi kuliko yale ya mwanzo.

Nguvu ya njia hii haitokani na ujanja wa biashara peke yake. Mapato ya wengi wa Ziwa la Ng'ombe huja kwa siku: kibarua cha ujenzi, mboga, bodaboda, kufua nguo za watu Nyali. Mkopo unaolipwa kwa siku unafuata mwendo wa pesa hizo, na benki haijawahi kuufuata. Mtu ambaye hawezi kuiweka shilingi 10,000 isiguswe, kwa sababu kila wiki kuna mgonjwa au mgeni, anaweza kutoa 50 leo. Kwake mkopo ni njia ya kuiokoa pesa kutoka kwa mahitaji ya nyumba yake mwenyewe.

Gharama imehamia mahali pawili. Pa kwanza ni jumla. Tuchukue mfano wa kukadiria: arbuni ya 2,500 na shilingi 50 kwa siku 365. Hiyo ni 20,750. Simu hiyo hiyo taslimu dukani inaweza kuwa elfu kumi na tatu au kumi na nne. Wakala hatasema 20,750, atasema hamsini. Swali la kumuuliza ni moja: nikimaliza siku ya mwisho nitakuwa nimetoa ngapi? Akikosa kujibu kwa tarakimu moja, ondoka.

Pa pili ni kufuli. Simu za mkopo huwekwa programu inayozifunga malipo yakikatika. Hapo mtu anapaswa kujiuliza kazi anayoitaka simu ifanye. Kama ni ya kuzungumza na wajukuu, kufungwa siku tatu ni usumbufu tu. Kama ni ya kupokea abiria wa tuktuk, kufungwa ni kufungwa kwa kazi, na pesa ya kuifungulia ilikuwa itoke kwenye kazi hiyo hiyo. Msimu wa watalii ukiwa chini, au mvua za Mei zikiifanya barabara kuwa mto, ndipo malipo yanapokatika na ndipo simu inapohitajika zaidi. Mkopo umepangwa kwa ajili ya mtu ambaye kila siku yake inafanana na jana, na hapa watu hao ni wachache.

Hata hivyo, simu ya mkopo ina jambo moja ambalo wapinzani wake hulisahau: iliyofungwa haina thamani kwa mwizi, au thamani yake hupungua sana. Kufuli linamlinda mwenye deni na mwenye mali kwa pamoja.

Njia iliyo bora kati ya taslimu na mkopo ni ya zamani na haina tangazo: chama, au mchezo wa kupokezana. Watu kumi wakitoa shilingi 300 kwa wiki, kila wiki mmoja anaondoka na 3,000. Wakikubaliana 1,000, zamu moja inanunua simu. Hakuna riba wala kufuli. Kuna aibu ya kukosa, ambayo kwa baadhi ya watu ni kali kuliko kufuli.

Mtumba wa Dubai na Uingereza

Kijana wa nyumbani hasemi uongo. Simu kubwa ya miaka minne nyuma mara nyingi ina kamera, kioo na kasi bora kuliko mpya ya bei sawa. Pwani imezoea kupokea vitu kutoka Ghuba kwa jamaa, na simu iliyoletwa na dada aliyerudi likizo haina gharama yoyote ya dukani. Kama ni zawadi, na imefunguliwa vizuri, ichukue.

Tatizo ni kwamba kasoro za mtumba ni za ndani, na anayeanza hana jicho la kuziona. Betri ya lithiamu baada ya mamia ya mizunguko ya chaji hubakiwa na sehemu tu ya uwezo wake, nayo joto la pwani haliisaidii. Kioo kinaweza kuwa kimebadilishwa kwa nakala. Akaunti ya Google au ya iCloud ya mwenyewe wa kwanza ikiwa haijaondolewa, siku utakapoifuta upya itakuomba nywila usiyo nayo, na kuanzia hapo umeshika kioo. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani huenda zisishike masafa ya megahezi 800 ambayo Safaricom huyatumia kwa 4G, ikawa kasi iko barabarani na ndani ya nyumba haipo. Na iPhone za zamani, ambazo jina lake ndilo linalomvuta mtu, zinafikia mwisho: tangu Mei 2025 iPhone 5s, 6 na 6 Plus hazipati WhatsApp, kwa kuwa haziwezi kupokea mfumo wa iOS 15.1.

Liko pia swali la simu ilikotoka. Ya bei ya ajabu isiyo na boksi wala risiti huenda ilinyang'anywa mtu, na polisi wakiifuata watamkuta mnunuzi.

Ushauri wa kijana ni mzuri kwa kijana. Yeye anajua kukagua, ana rafiki fundi, na simu ikifa atapata nyingine. Mtu wa kwanza kushika simu janja hajui lipi ni kosa la simu na lipi ni kutojua kwake. Ikianza kusumbua atajilaumu mwenyewe mpaka muda wa kuirudisha upite.

Gharama zinazoanza siku ya pili

Umeme kwanza, kwa kuwa unazua ugomvi kuliko unavyostahili. Betri ya miliampia 5,000 hubeba karibu wati-saa 19. Ukiongeza upotevu wa chaja, ni kama uniti 0.025. Hata uniti ikifika shilingi 30, chaji moja kamili haifiki shilingi moja. Katika nyumba za Kiswahili zenye mita moja na wapangaji sita, mwenye nyumba anayepandisha kodi "kwa sababu ya masimu" ana haki ya kuangalia pasi na jiko la umeme, simu azisamehe.

Bando ndilo deni la kweli. Kabambe hula kredo unapozungumza tu. Simu janja hula hata umelala: programu hujisasisha, WhatsApp hupakua kila video ya kila kundi. Mwanzoni mtu hununua bando za saa moja na za siku, kwa kuwa ndizo rahisi kutamka, na kwa mwezi hutumia kuliko yule wa bando la mwezi. Siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine, upakuaji wa kujiendesha wa WhatsApp uzimwe na masasisho yangoje Wi-Fi. Kama simu ya elfu tisa inataka shilingi 20 kwa siku, mwaka mmoja wa bando ni 7,300. Bando limekaribia kununua simu nyingine, na hakuna aliyelitaja dukani.

Mwenye jamaa Dubai au Muskat ajue pia kwamba simu za sauti na video za WhatsApp huzuiwa huko Falme za Kiarabu na Oman. Ujumbe hupita, sauti haipiti, na watu wa huko hutumia programu nyingine kama Botim. Mzazi asinunue simu kwa ajili ya jambo hilo kabla ya kumuuliza mtoto anatumia nini.

Kisha kuna hatari ambazo kabambe haikuwa nazo. Mkopeshaji wa mtandaoni aliweza kusoma orodha yote ya majina kwenye simu na kuwapigia mashemeji na waajiri deni likichelewa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kanuni za Benki Kuu za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zilikuja baadaye kuwatia lijamu, na malalamiko hayajaisha. Programu yoyote ya mkopo inayoomba ruhusa ya kuona majina ikataliwe. Nambari ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp haipewi mtu, hata awe imamu au mchungaji, kwa sababu anayeiomba si yeye. Akaunti yake imeshaibwa. Na mwenye laini ya Safaricom anaweza kubofya *100*100# ili laini yake isibadilishwe na wakala wa mtaani bila yeye kwenda dukani.

Kupima

Ukizipanga njia hizi kwa pesa inayotoka siku ya kwanza pekee, mtumba na mkopo hushinda. Ukizipanga kwa nani anabeba hasara mambo yakiharibika, mpangilio hugeuka. Mtumba humtwika mnunuzi hasara yote. Mkopo humtwika hasara ya kipato kinachoyumba. Mpya taslimu huigawa kati yake na mwenye waranti. Kabambe haina hasara kubwa, na faida yake haivuki mpaka wake.

Kwa dereva wa tuktuk au bodaboda anayetaka kuingia kwenye Bolt au Uber, simu ni chombo cha kazi: mpya, RAM ya 4, betri kubwa, na anunue taslimu au kwa chama. Akilazimika kukopa, aweke akiba ya malipo ya wiki mbili kabla ya kusaini. Kwa mama wa Kongowea anayepokea picha za mzigo kutoka bara na malipo kwa till, RAM ya 3 na hifadhi ya 64 yatosha, na mkopo wa muda mfupi unaweza kumlipa kwa kuwa pesa yake huzunguka kila siku. Kwa mzee ambaye haja yake ni nyuso za wajukuu, zawadi iliyokaguliwa na fundi inafaa. Watoto wakiitoa simu watoe na bando, wasimwachie baba kifaa na gharama. Kwa bawabu wa usiku asiye na kundi lolote wala safari za eCitizen, sioni sababu ya kumharakisha.

Na kwa wote, isipokuwa aliyebanwa kabisa, kabambe isiuzwe. Haitaleta zaidi ya shilingi mia chache sokoni. Laini ya M-Pesa ibaki humo kwa miezi ya mwanzo, WhatsApp na mengine yaende kwenye simu mpya kwa laini ya pili. Simu janja ikiibwa, ikifungwa au ikijaa, pesa ya nyumba bado iko mfukoni na tochi bado inawaka. Laini ihamishwe siku mwenyewe atakapoweza kufunga simu kwa nywila, kuzima upakuaji na kukataa ruhusa bila kumwita mtoto.